Gari Lililorudi Nyuma Mara Mbili

Niliwaacha nikiwa mbele ya duka la vitu vya kuchezea, mkono kwenye kitasa, sijui niingie au nirudi zangu kazini.

Kwa aliyenikosa, nitasema kwa ufupi. Kaka yangu, dereva wa gari la mikate, alitumbukia bondeni na gari lake asubuhi ya mvua, tukamzika, msiba ukiwa nyumbani kwangu. Nyumba aliyokaa ilikuwa ya tajiri wake, ikabidi itolewe kwa dereva mwingine. Mkewe akahamia kwangu na binti yao wa miaka minane. Binti huyo alipewa jina langu siku aliyozaliwa, kwa hiyo mimi humwita Somo na yeye huniita Somo. Hatujawahi kuitana vinginevyo.

Tangu turudi kutoka makaburini, Somo hakuvuka kizingiti cha mlango. Shule hakwenda. Ukimshika mkono kumtoa, mwili wote ulikuwa mzito kama gunia lililolowa. Alikaa chumba cha nyuma, kile chenye dirisha linalotazama ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu yake, akala kwa kudonoa, akasema kwa kutikisa kichwa. Muuguzi wa zahanati alituambia tusimlazimishe. Lakini mtoto hamei ndani ya kabati, na mimi nilimwona akififia siku hadi siku.

Kisha asubuhi moja, uji ukipoa mbele yake, akasema maneno yake ya kwanza kamili.

"Baba alisema ataniletea gari la rimoti."

Ndiyo maana nilikuwa pale dukani.

Niliingia.

Mimi nashona viti vya magari. Gari nalijua kwa ndani, kwa sponji na ngozi ya bandia na mishono inayopasuka upande wa dereva. Gari la kuchezea sikuwahi hata kulishika. Muuzaji alikuwa jitu la mtu, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, na alizungumza na wateja kama anayeuza farasi. Akaniuliza mtoto ana miaka mingapi, na kama ni wa kiume. Nikasema ni wa kike. Akasema afadhali, wasichana hawagongi kwa makusudi.

Akanitolea jekundu. Rimoti yake ilikuwa na vijiti viwili, kimoja cha mbele na nyuma, kingine cha kushoto na kulia. Akanipa nijaribu, nami nikamwonya kwamba kazi yangu ni kushona viti. Nikalipeleka moja kwa moja likajibamiza kwenye mzani wake, naye akasema basi dada, wewe baki kwenye viti.

Nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu mazishi, na kicheko kilipotoka niligeuka nyuma, kama mtu aliyefanya jambo mbele ya wakubwa.

Nyumbani, Somo alilifungua boksi taratibu bila kuchana karatasi. Hakulichezea. Aliliweka sakafuni likiangalia mlango, akaligeuza, akawasha kitufe cha tumboni, akalirudisha palepale. Rimoti akaniwekea mapajani.

"Usiliendeshe wewe, Somo," akasema. "Litaendeshwa."

Maneno ya mtoto, nikadhani. Nikatoa betri kwenye rimoti zisije zikaisha bure, nikaitia kwenye droo ya cherehani.

Kesho yake alasiri nilikuwa chini nakata kitambaa cha kiti, wifi yuko jikoni, Somo kakaa kwenye mkeka amekumbatia magoti yake. Nje watoto wa shule walikwisha kupita na kelele zao. Nikasikia sauti ndogo, kama nyuki ndani ya kopo.

Gari lilisogea mbele. Likasimama. Likarudi nyuma, likasimama. Likarudi nyuma tena. Likatulia.

Mkasi ulinikwama mkononi.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja kuhusu kaka yangu. Hakuwahi kuegesha gari bila kurudi nyuma mara mbili. Hata uwanja uwe mtupu, hata usiku uwe mkubwa, alikuwa harudi mara moja akaridhika. Tulimtania kwamba anaegesha kama kuku anayetaka kutaga, anazunguka, anarudi, anazunguka, ndipo atulie. Naye alijibu kwamba ya kwanza ni ya macho, ya pili ni ya moyo.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Aliona kama nilivyoona. Sufuria ikaanguka, mchuzi ukatapakaa hadi kwenye kitambaa changu, na hakuna aliyeinama kuiokota.

Somo peke yake hakushtuka.

"Amefika," akasema. Akaomba chakula.

Nikaenda kwenye droo. Rimoti ilikuwa palepale, imefunguka tumbo, haina betri hata moja.

Likawa jambo la kila siku. Alasiri, kelele za watoto wa shule zikishapita, gari linaamka. Linakwenda mbele, linageuka, linagonga mguu wa meza, linajirekebisha. Mwisho ni uleule: nyuma, simama, nyuma tena. Somo alilifuata kwa magoti akiliongelesha kwa sauti ya chini. Alianza kula. Alianza kuchana nywele. Siku moja nilimsikia akiliimbia.

Wifi hakuweza kukaa nalo chumba kimoja. Yeye ni mtu wa maneno machache, mtu wa kumeza, lakini jioni ya siku ile alinivuta jikoni na kufunga mlango.

"Hicho kitu kitoke humu ndani, wifi. Kitoke leo."

"Mtoto anakula."

"Hata mtego una chambo."

Nilimwambia tusubiri kidogo, naye akaniambia mimi nasubiri kwa sababu si mimi niliyelala na marehemu miaka kumi. Kisha akaomba radhi. Kisha akalia, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia kwa sauti.

Nilipanga kumsikiliza Somo mwenyewe. Nikakaa naye mkekani, nikamuuliza polepole baba anasema nini akija. Akanitazama kana kwamba swali lenyewe ni la kitoto.

"Hasemi. Ananionyesha njia. Jana alifika mlangoni kabisa. Siku atakayotoka, na mimi nitatoka."

"Utoke uende wapi, Somo?"

"Nimfuate."

Alisema kwa furaha, ndilo lililonitoa jasho. Wiki zote zile nilikuwa naomba mtoto huyu avuke kizingiti. Sasa alikuwa tayari kukivuka, lakini nyuma ya mtu tuliyemfukia kwa mikono yetu.

Nikilichukua gari, atarudi kudonoa na kunyamaza, na safari hii pengine asirudi tena. Nikiliacha, siku moja litatoka barabarani, naye nyuma yake, macho yakiwa kwenye gari la kuchezea, malori yanapita. Kila upande niliogeukia palikuwa na kaburi dogo.

Mshono ukikunjamana, mimi sikati kitambaa. Nafumua uzi mmoja mmoja hadi nione ulipokosea. Nikaanza kulichunguza gari vilevile.

Asubuhi za siku za kazi halikuamka kamwe. Usiku halikuamka kamwe. Jumamosi liliamka asubuhi, nikashangaa, na Jumapili vilevile. Jumatatu likarudi kwenye alasiri yake. Nikakaa nalifikiria hilo huku natia sponji kwenye kiti cha teksi. Mzimu gani huo unaokwenda na ratiba ya shule?

Nikarudi kwa muuzaji, nikamweleza nusu ya mambo. Hakucheka. Alifuta miwani kwa shati, akaniambia hapa hakuna jini.

"Hivi vya bei ya kawaida, dada, vyote vinasikiliza wimbi moja. Ni kama mbwa asiye na mwenyewe. Yeyote akimpigia mluzi, anakwenda. Kuna mtu karibu yako ana rimoti kama hii."

Nikamuuliza karibu kiasi gani. Akasema nyumba mbili, tatu, zaidi ya hapo mluzi haufiki. Ukuta hauzuii.

Nikamuuliza aliwauzia wangapi hapa mtaani. Akasema katoni karibu yote ilikwenda kwa wachuuzi wa mbali. Hapa alibakiza mawili. Moja nililichukua mimi. Lingine alilichukua dereva mmoja mcheshi, kabla ya mvua kubwa, mtu aliyenukia mkate mpya. Alilijaribu palepale mezani, akaliingiza kati ya marobota ya madaftari, na hakuridhika mpaka alipolirudisha nyuma mara mbili.

"Nikamuuliza ni la mtoto wa nani, akasema la mtoto wangu."

Nilitoka pale nikilia njia nzima, na nawaambieni kweli, nililia kwa furaha. Kaka yangu alitimiza ahadi. Alilinunua gari la Somo kabla ya kufa, akalificha mahali asubiri siku nzuri. Palibaki kujua ni nani ameliokota.

Nikapekua masanduku yao yote waliyohamia nayo. Nguo, vyombo, viatu vyake vya kazi. Halikuwamo.

Alasiri ya siku iliyofuata nikalichukua gari lenyewe. Somo alikuwa amesinzia mkekani. Nikaliwasha, nikaliweka kichwa chini miguu juu ndani ya kikapu, nikafunika kwa kitambaa, nikatoka. Nilifanana na mtu anayekwenda kuuza mayai.

Mbele ya nyumba, magurudumu yalikuwa yakishtuka na kukata, kama mtu anayeota. Nikazunguka ubavuni, yakakaza. Nilipofika nyuma, chini ya ule ukuta wenye chupa, yalizunguka kwa nguvu hadi kikapu kikatetemeka kwenye mkono wangu.

Upande wa pili wa ukuta.

Sikuwahi kufika huko. Ni mtaa mwingine, mlango wake unatokea barabara nyingine, na kwenda huko lazima uzunguke mashine ya kusaga, upite kwa mziba pancha, ukate kushoto kwenye kichochoro cha mafundi seremala. Watu wanaotenganishwa na ukuta wanaweza kuishi miaka wasijuane hata kwa salamu.

Nikazunguka. Kwenye mashine ya kusaga gari lilikuwa kimya. Kwa mziba pancha kimya, naye akanitania kama nimeleta mayai au vifaranga, maana kikapu nakishika kama mtoto mchanga. Kwenye kichochoro likaanza kunguruma tena. Nikalifuata kwa mkono, mlango kwa mlango, hadi likagoma kunyamaza mbele ya mlango wa bati uliopakwa rangi ya kijani.

Nikabisha.

Alifungua mwanamke wa rika langu, mikono ina povu la sabuni, kitambaa cheusi kichwani. Nikatoa salamu. Hakuitikia. Alinitazama usoni, akashuka hadi kwenye kikapu kinachonguruma, akapanda tena usoni.

"Wewe ni dada yake," akasema. "Mmefanana mdomo."

Nikamuuliza dada wa nani, ingawa miguu yangu ilikuwa imekwisha kuelewa.

Kutoka ndani alitoka mtoto wa kike, wa miaka kama sita, sare ya shule bado mwilini, rimoti mikononi. Paji la uso lilikuwa la Somo. Nyusi zilikuwa za Somo. Alisimama amepishanisha miguu kama alivyosimama kaka yangu tangu tukiwa wadogo, na mama yetu alikuwa akimpiga kofi la mguu ili asimame sawa.

Kaka yangu alikuwa akinitembelea mno. Watu waliniambia una bahati, ndugu wa siku hizi hawajuliani hali. Alikuwa akiegesha mbele kwangu, nyuma mara mbili, anaingia, anakunywa maji, ananiuliza kazi inaendaje, kisha anasema anakwenda kunyoosha miguu kabla ya kurudi barabarani. Nami namwangalia akikata kona ya mashine ya kusaga, najisemea moyoni huyu ndiye ndugu.

Kumbe mimi nilikuwa mahali pa kuegesha gari.

Mwanamke alimwambia mtoto aende akavue sare. Mtoto akaenda, bila kuiacha rimoti. Kikapu kikaendelea kutikisika kati yetu. Ndipo akanisimulia, harakaharaka, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetua mzigo kabla mwenye mzigo hajarudi.

Alisema aliambiwa mke wa kwanza anajua na amekubali. Alisema aliamini, na baadaye hakuamini, na baadaye tena hakutaka kujua. Alisema gari la rimoti liliharibika gurudumu siku chache tu baada ya kuletwa, na asubuhi ile ya mvua kaka yangu aliondoka nalo ili akalitengeneze. Mtoto alilia. Akamwambia abaki na rimoti, kila akiibonyeza, yeye huko aliko atajua anaitwa, naye atakuja.

"Kwa hiyo anabonyeza," mwanamke akasema. "Akitoka shule anabonyeza."

Nikamuuliza kama mtoto anajua.

"Hajui. Nimemwambia baba yuko safari ndefu." Akajifuta povu kwenye gauni. "Siku ile nilisikia kilio chenu. Nilikuwa hapa uani naanika nguo. Kilio kikapanda juu ya ukuta, na kwa jina mlilokuwa mnalia nikajua ni yeye. Nikaenda kuongeza sauti ya redio ili mtoto asisikie."

Nilimtafutia chuki, sikuiona. Pengine ilikuwa bado njiani. Nilichoona ni mwanamke aliyefiwa ambaye hakuna mtu hata mmoja aliyempa pole. Kwa hiyo nikampa. Nilisema neno moja tu, pole, naye akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

Nikaanza kupanga kichwani. Nitarudi nyumbani. Nitalizima gari, nitasema limekufa. Wifi asijue, maana amebakiwa na heshima ya ndoa yake peke yake. Somo asijue, maana akijua kwamba anayeliendesha ni mtoto mwingine, na kwamba ahadi yake ilipelekwa upande wa pili wa ukuta, atafiwa na baba mara ya pili. Nikamwambia mwanamke kwamba tutaongea, lakini si leo, na si hapa mlangoni. Akaitikia kwa kichwa. Akaanza kuufunga mlango.

Haukufungika.

Mtoto wake alikuwa amerudi, amesimama katikati ya mlango kwa shimizi, anatazama nyuma yangu.

Nikageuka.

Somo alikuwa amesimama kichochoroni, peku, vumbi hadi magotini, alama za mkeka bado shavuni. Aliamka, akakuta gari halipo, akalifuata. Sijui alimuuliza nani njia. Hakunitazama. Alikuja moja kwa moja kwenye kikapu, akaondoa kitambaa, akalitoa gari, akaliweka chini kwenye vumbi.

Watoto wale wawili wakatazamana, paji kwa paji.

Yule mdogo aliliona gari, uso ukang'aa. Akasogeza vidole. Gari likaenda mbele, likasimama, likarudi nyuma, likasimama, likarudi nyuma tena. Somo hakuliangalia gari hata kidogo. Alikuwa anaviangalia vidole vile, na niliona kile nilichokuwa nakikimbia kikimwingia machoni polepole, hadi kikafika chini kabisa.

Hakulia.

"Limepona," yule mdogo akasema. Akachungulia kichochoroni, kushoto na kulia, kisha akamuuliza Somo, kama mkubwa anayejua mambo haya, "Baba yuko wapi?"

Mama yake alifumba macho.

Kutoka upande wa mashine ya kusaga nikasikia sauti ya wifi yangu, imekauka kwa kukimbia, ikimuuliza mziba pancha kama ameona mtoto wa kike akipita peku. Nikamsikia mziba pancha akimjibu kwamba ndiyo, amekata kushoto hapo, amemfuata shangazi yake na kikapu.

Somo akanishika mkono, macho bado kwa yule mdogo. Wake ulikuwa wa moto.

"Somo," akaninong'oneza, "nani amwambie? Mimi au wewe?"